Besi ya "Rudishia Mlango"

4 Machi

Kwako mume wangu mzee, Jenerali wa jukwaa,

Shikamoo Babu. Sisi hapa hatujambo, kama kutojambo ni kusimama wima bila kuegemea ukuta. Kitukuu wako anaota meno, na ameamua kwamba asipolala yeye hatalala mtu. Mume wangu wa kweli, huyo unayemwita mpinzani wako mwenye masikio ya popo, yuko zamu ya usiku kiwandani mwezi mzima; tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mimi nashona sare za shule huku mtoto yuko mgongoni. Juzi nimeshona mfuko wa shati kwa ndani, na mwenye shati kashukuru, kasema hataibiwa. Baba naye hajambo. Anatengeneza milango na viti, vumbi la mbao linamkohoza kidogo, maneno yake ni yale yale machache. Umeuliza habari za watu wote isipokuwa za mwanao, kwa hiyo hizo nimekupa za ziada.

Sasa jambo lako. Nimeisoma barua mara mbili. Nimeelewa kwamba wakubwa wa ukumbi mpya wanataka kukuenzi kwa maisha yako yote ya jazi, kwamba redio itarusha, kwamba umepewa vijana waliosomea muziki, na kwamba wimbo wa mwisho lazima uwe "Rudishia Mlango", ule uliokuwa ukiwatoa watu nje ya dansi kwa upole mpaka wengine wanafika nyumbani wakilia. Halafu chini kabisa, kwa herufi za mtu anayenong'ona, unasema umeisahau besi. Unataka nimwambie Baba akukumbushe.

Nimemwambia. Alikuwa anapiga randa kwenye mlango. Akapuliza maranda, akautazama ukingo kwa jicho moja, akaniuliza, "Saa yake bado inafanya kazi?" Basi. Akaendelea na randa.

Unaijua ni saa gani. Ni ile ya mfukoni, uliyoiinua juu mbele ya ukumbi mzima siku mpiga besi wako alipofika dansi limeshaanza. Ukawaambia watu watazame, hii ndiyo besi ya kwanza duniani inayolala kitandani. Watu wakacheka. Ukamwamuru mwanao ashuke jukwaani na chombo akiache palepale, maana ni mali ya bendi. Alikuwa anatoka hospitali alikompeleka Mama. Aliyemchelewesha ni mimi, Babu. Nilikuwa nazaliwa. Wewe hukuuliza, yeye hakusema, na tangu siku hiyo mnashindana nani ataingia kaburini bila kufungua mdomo.

Hapa kwetu unapajua. Kiti kipo, mguu mmoja mbovu, lakini wewe si mzito kama unavyodhani. Ukiitaka besi, njoo uiombe.

Mkeo asiyekuogopa.

29 Machi

Kwa mke wangu mwenye ulimi wa mkasi,

Marahaba. Nimefurahi kwamba meno ya kitukuu yanatoka. Yangu yanaondoka, huenda yanapishana njiani. Goti la kulia siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Mwenye nyumba wangu ameoa tena, na mke mpya anapika akiimba, na hajui kuimba. Nimehamishia kitanda upande wa pili. Mwambie huyo popo wako ale vizuri, maana mke kama wewe anahitaji mwanamume mwenye pumzi.

Unasema niombe. Mimi? Sikiliza, binti. Nilianza kwa kubeba ngoma kubwa kwenye bendi ya gwaride, nikiwa mfupi kuliko ngoma yenyewe. Watu waliona ngoma inatembea na miguu. Nikapata klarineti iliyofungwa mpira wa baiskeli, nikapuliza hadi midomo ikapasuka. Nikawatoa watu kwenye gwaride nikawatia kwenye dansi. Baba za hawa vijana wa leo walikuwa bado hawajaota ndevu, mimi nina wapulizaji tisa, tai zao za rangi moja, viatu vinang'aa hata chini ya meza. Nimetunga nyimbo watu wakaoana kwa sababu yake, na wakaachana kwa sababu ya zile zile. Nimepigiwa saluti na walevi, nimepigiwa na majaji, na ya walevi ndiyo ilikuwa ya kweli.

Na sikuandika hata nota moja. Nilimwita kila mpigaji peke yake nyuma ya ukumbi, nikamwimbia sehemu yake sikioni. Wa tarumbeta hakuijua ya saksafoni, wa saksafoni hakuijua ya besi. Anayetoka, anatoka na kipande, na kipande kimoja hakichezeki. Bendi za wenzangu ziliibiwa nyimbo kama nguo kwenye kamba, yangu haikuguswa. "Rudishia Mlango" hata kurekodi nilikataa. Anayeutaka aje, acheze mpaka mwisho, ausikie akiwa amechoka. Leo wenye vipande wamekwisha. Vya wapulizaji nimevikumbuka vyote. Besi tu ndiyo inanikimbia. Nikiivuta inakuja na mkono wake yeye, halafu inakatika.

Humu ndani ya bahasha kuna kanda tupu. Uliwahi kuniandikia kwamba baba yako humwimbia mtoto besi hiyo kwa mdomo ili alale. Weka kinasa sauti chini ya kitanda cha mtoto. Hakuna atakayeumia. Wala si wizi, wimbo ni wangu.

Mumeo, Jenerali.

17 Aprili

Babu,

Shikamoo, ingawa safari hii imenitoka kwa shida. Jino la juu limetoka. Popo amepewa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa tunaonana na tumeanza kugombana kama watu wa kawaida. Baba kapata kazi ya milango ya zahanati, anafurahi, ingawa kufurahi kwake ni kuacha kukunja uso tu.

Kanda yako nimeirudisha. Si tupu tena. Upande wa kwanza ni kitukuu wako akililia jino la juu, upande wa pili akililia la chini. Wape vijana wako wasomi waitafutie nota.

Ngoja nikwambie kitu. Nyumbani kwetu jina lako halikatazwi, ila likitajwa watu wanakumbuka kazi waliyoiacha jikoni. Redio ikipiga bendi yako, Baba haizimi. Anatoka nje. Kwa hiyo mimi, mjukuu wa Jenerali, nimekua nikiijua besi peke yake, ile ya mdomoni mwa Baba. Shuleni mwalimu aliuliza nani anaujua "Rudishia Mlango". Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikaimba: dum, dum, kupanda kidogo, kushuka taratibu. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Wakasema huo si wimbo, ni mtu anahamisha kabati. Mpaka leo sijausikia mzima. Naujua tumbo lake, uso sijauona. Waliouona walilipa kiingilio. Mimi niliuchelewesha tu.

Na wewe unataka niweke mashine chini ya kitanda. Baba akitoka karakana ananawa mikono hadi viwiko, anamchukua mtoto, anamlaza kifuani, anaanza. Mtoto halali kwa sauti, analala kwa mtetemo. Kuna mahali katikati ambapo nadhani wenzake wote walikuwa wananyamaza na yeye anaenda peke yake. Hapo ndipo mtoto hufumba macho. Hapo ndipo unataka nitege mtego. Ungekuwa mgonjwa ningekuonea huruma. Wewe ni mwoga tu, na woga wako umevaa tai.

Usiniambie wimbo ni wako. Mimi ni mshonaji. Kitambaa kina aliyekinunua, gauni lina aliyelishona, lakini mwenye gauni ni yule linayemfunika mwili kila siku. Ulimwimbia besi sikioni asubuhi moja. Yeye kaivaa miaka yote hii.

Simkatazi kukupa. Wala simwambii akupe. Nilishasema: kiti kipo.

Mjukuu wako. Leo si mkeo.

30 Juni

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Samahani kwa kukawia, mazoezi yamenishika. Goti ni lile lile. Mke wa mwenye nyumba amejifunza wimbo wa pili, ni mbaya kuliko wa kwanza. Kanda niliipata. Upande wa pili mtoto ana pumzi ndefu, asipewe klarineti, apewe tarumbeta.

Vijana wanapuliza sawasawa. Hilo ndilo tatizo, wanapuliza sawasawa. Ukimwambia mmoja apige kama mtu anayeaga huku hataki kuondoka, anauliza hiyo imeandikwa ukurasa gani. Walinipa na kijana wa besi, mwenye vyeti. Anapiga kama fundi anayepanga matofali, kila tofali mahali pake, na nyumba haina mtu. Nilimwimbia nilichokikumbuka, akakiweka sawa zaidi. Nimemwambia apumzike. Hapana, sikumfukuza. Nimemwambia apumzike, nikampa na mkono.

Tamasha ni Jumapili ya mwisho wa Julai, alasiri. Redio itarusha moja kwa moja. Nakwambia kama habari tu. Sikualiki, usije ukadhani nakualika, na mtoto mchanga ukumbini ni balaa. Umwambie baba yako kwamba

Hapana. Usimwambie kitu.

Karakana ile hufungwa saa ngapi Jumapili? Nauliza kwa sababu kuna kiti changu kimoja kimelegea, nilitaka kujua ratiba za mafundi kwa jumla.

Babu.

9 Julai

Babu,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto ameanza kutambaa, jana alifika chini ya cherehani akala kifungo, tukakisubiri, kikarudi. Mafua yamempitia kila mtu humu ndani yakaniacha mimi, maana mimi sina nafasi ya kuugua.

Kwa hiyo mpiga besi mliyenaye "amepumzika". Na bendi ya Jenerali itapanda jukwaani bila tumbo. Pole. Au labda si pole, sijaamua. Unajua kulalamika kuhusu vijana wasioelewa maana ya kuaga. Ungewaeleza ulivyomuaga mwanao, pengine wangeelewa mara moja.

Kuhusu kiti chako kilicholegea, eti unasafirisha kiti umbali wote huo kutafuta fundi. Hata mtoto wangu akila kifungo anakula cha karibu. Lakini umeuliza, na mimi nimelelewa kujibu wakubwa. Jumapili karakana haifunguliwi. Tukishakula, Baba huchukua mtoto nikalala kidogo. Hukaa naye jikoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi, mpaka kama saa kumi na nusu. Redio iko rafuni, juu ya kichwa chake.

Nimeijibu ratiba ya mafundi kwa jumla.

Mjukuu wako.

2 Agosti

Kwa mke wangu mdogo,

Marahaba. Nyote hamjambo? Mimi nimeimarika, goti limenyamaza tangu Jumapili, nadhani lilitishwa na makofi.

Mambo yamekuwa makubwa. Ukumbi ulijaa. Waliniletea kiti cha kukalia jukwaani, nikakitazama hadi wakakiondoa. Tulipiga zote, na vijana walipuliza sawasawa kama kawaida yao, hadi tukafika "Rudishia Mlango". Na pale katikati, mahali ambapo besi hutembea peke yake, nikainua mkono, wapulizaji wote wakanyamaza. Akabaki mpiga ngoma na brashi zake, anafagia kama mtu anayesafisha ukumbi watu wameshaondoka. Mimi nikasimama tu. Vijana wakanitazama kwa macho ya kutafuta daktari. Walidhani mzee amepotea. Watu wanasema nilisimama muda mrefu mno. Sijui mimi. Saa sikuibeba.

Halafu nikashusha mkono, tarumbeta ikaingia, tukamaliza.

Sasa cheka. Mwandishi wa gazeti, kijana mwenye miwani mikubwa kuliko maoni yake, ameandika kwamba katika uzee wangu nimethubutu kukipa kimya nafasi ya kupiga. Mwingine anasema nimewaombolezea wenzangu waliotangulia. Profesa mmoja alinishika mkono nyuma ya jukwaa, machozi yakimtoka, akaniuliza nilivumbua lini mbinu ile. Nikamwambia tangu ujana. Wajinga. Ukiwapa sahani tupu, wanasifu usafi wake. Lakini msifiwa hakatai sifa, nimekata vipande vya gazeti nimevibandika ukutani upande wa yule mama anayeimba.

Hiyo ndiyo habari. Nilitaka kuuliza tu, redio ilishika vizuri huko kwenu? Nasikia baadhi ya sehemu ilikatikakatika.

Jenerali.

11 Agosti

Babu,

Shikamoo. Mtoto ana meno manne na hasira za watu wanane. Popo anakusalimu, anasema uhame nyumba hiyo kabla yule mama hajajifunza wimbo wa tatu. Cherehani imeharibika, kwa hiyo nina mikono mitupu na nafasi ya kukuandikia kwa kirefu. Kaa chini. Kiti cha kukalia hicho, usikitazame, kikalie.

Redio ilishika.

Siku hiyo sikulala. Nililala kwa macho, masikio yapo jikoni. Nilijua Baba akisikia jina lako atatoka nje kama kawaida. Mtangazaji akalitaja, na likafuatwa na sifa zile ndefu, Jenerali hivi, Jenerali vile, mpaka nikaona aibu kwa niaba yako. Nikangoja kusikia mlango wa nyuma. Sikuusikia. Nikaamka, nikasimama barazani nilipoweza kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, mtoto kifuani, hajageuka. Nyimbo zikapita moja baada ya nyingine. Mara moja tu aliguna, saksafoni ilipoingia, akasema, "Huyu kasoma."

Ulipoanza "Rudishia Mlango", Babu, mimi ndiyo nauona uso wa wimbo huo kwa mara ya kwanza. Sitakusifu, wanakusifu wengine, na wewe sifa unazila kama mtoto alavyo vifungo. Nakwambia tu kwamba nilijishika kwenye fremu ya mlango.

Halafu mkanyamaza. Brashi peke yake, shwaa, shwaa. Na mtangazaji wako, mjinga mwingine wa kuongeza kwenye orodha yako, akaanza kuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo.

Baba hakumsikia. Aliinua uso akaitazama redio, kama unavyomtazama mtu aliyesimama mlangoni kwako hapigi hodi. Brashi zikazunguka, zikazunguka tena. Na Baba akaingia. Dum. Dum. Kupanda kidogo. Akaenda peke yake mle ndani, taratibu, mkono umemshika mtoto mgongoni na vidole vinatembea kwenye uti wake kama kwenye nyuzi, na brashi zenu kutoka huko mliko zikamfuata nyuma. Hakuharakisha hata kidogo. Alipomaliza mzunguko wake, alipovuta pumzi tu, tarumbeta yenu ikaingia. Palepale. Sijui wewe ulijuaje.

Kwa hiyo nakupa habari ambayo gazeti halina. Ukumbi mzima ulisikia wimbo wenye shimo wakalia machozi ya bure. Uliopigwa mzima ulipigwa jikoni kwetu, chini ya rafu ya sufuria, na waliousikia ni mimi na mtoto, na mtoto alikuwa amelala. Wewe mwenye wimbo hukuwepo. Imekupata.

Watu walipoanza kupiga makofi, Baba akazima redio. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akiizima mwenyewe. Akabaki anaitazama. Mimi sikutoka barazani. Akasema, si kwangu, nadhani alikuwa anamwambia mtoto:

"Safari hii amenisubiri."

Akaamka, akanipa mtoto, akakigeuza kile kiti miguu juu. Ule mguu ameung'oa, ametia mwingine. Nilimwuliza anamtengenezea nani. Akasema kiti kinatengenezwa kwa sababu kimeharibika. Hajanituma kwako, na mimi sisemi nimetumwa. Nasema tu kwamba mwenzako amejibu kwa besi yake, na wewe bado umekaa huko unabandika magazeti ukutani na kuuliza kama redio ilishika.

Njoo, Babu. Usilete zawadi, usilete profesa. Jumapili, tukishakula, mlango wa nyuma. Hutalazimika kusema neno lolote, najua hamna ujuzi huo wote wawili. Utakaa, atakaa, mtoto atalia, na kuna mmoja wenu atalazimika kuanza.

Na usihangaike na saa. Ukichelewa, hapa hatufukuzi mtu.

Mkeo.